Wafu Waliokuja Kuona Bendera

Riwaya yangu ya uhuru niliiandika kwa mkono, mpaka kidole cha kati kikaota sugu kubwa kama embe. Mhariri mmoja wa Kinondoni aliisoma yote, akaipenda, isipokuwa ukurasa mmoja.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hapa bendera inapanda, mara wapiganaji wa Majimaji wanaingia Temeke kwa miguu kutoka kusini. Wamekufa miaka hamsini na kitu! Risasi zinawatoka mwilini zimegeuka maji, uwanja unafurika. Nani ataamini?"

"Nyumbani kwetu wote, dada."

"Ifanye iwe ndoto ya bibi yako. Anaamka, yanaisha. Ukikataa, kitabu hakitoki."

Mie niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikisinzia mpaka mistari ya daftari inajichapa kwenye paji la uso, niambiwe wazee wangu ni ndoto? Nikabeba mswada, huyoo Kiwalani kwa bibi. Kwake, siku ya shughuli, hakuna anayegusa chakula kabla bibi hajamwaga unga kidogo mlangoni na kuwaita waliotangulia kwa majina. Ndivyo walivyofanyaga kwao kusini, na hakuna anayeshtuka.

Nikamsomea ukurasa ule. Akasonya msonyo mrefu, nadhani hata marubani pale uwanja wa ndege waliusikia.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu nizaliwe, "umeharibu."

Nikachomoa kalamu. "Niwatoe, bibi?"

"Uwatoe uwapeleke wapi? Watu wametembea toka kusini, vumbi mpaka kwenye kope, wewe unawasimamisha tu watazame bendera! Nani kawanawisha? Au wanawe hayo maji ya risasi? Mkeka uko wapi? Hivi mie nilikulea au uliokotwa?"

Nikakaa kwake siku tatu naandika. Nikaweka birika, mabeseni, mikeka, ugali wa muhogo, kisamvu, na uji kwa wasio na meno. Ukurasa mmoja ukazaa kumi na moja.

Niliporudi Kinondoni, mhariri aliupima mswada mkononi.

"Mbona umenenepa? Wafu umewatoa?"

"Nimewanawisha, dada. Sasa hivi wanakula."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Hiki sikitoi."

"Basi nipe changu."

Nikakitia kwapani. Ubungo mashine za fotokopi zimejaa kibao. Nitaanza na nakala tano, na moja nitampelekea mhariri mwenyewe.