Runinga ya Chumbani kwa Mama

Mimi si mtu wa kukaa. Mama anasema hata tumboni nilimsumbua, kwamba akipalilia uwele nilikuwa nampiga mateke mpaka anaweka jembe chini. Chai naimaliza nimesimama. Kanisani nachagua benchi la mlangoni. Ndiyo maana ilikuwa kichekesho kwamba ni mimi niliyejipa kazi ya kumfanya mtu mwingine atulie mahali pamoja.

Mtu mwenyewe alikuwa mama yangu. Alianguka kwenye njia ya kisimani huko Mtinko, anakoishi peke yake, akavunjika mguu, na majirani wakamleta hospitali mjini Singida. Siku ile, mashine yangu ya kukamua alizeti ilipozimwa mchana ndipo nilipoitazama simu, nikakuta mama amenipigia mara tatu na jirani mara moja. Nilimpigia jirani. Juu ya zile simu tatu mama hakuniuliza, na mimi sikumwambia chochote.

Daktari aliufunga mguu, akasema asirudi kijijini mpaka atembee bila fimbo, na asikae peke yake. Mama alimsikiliza kwa heshima zote. Tulipofika kwangu akatangaza kwamba atakaa mpaka alizeti zake zikauke shambani, basi. Nilipiga hesabu kichwani nikaona mguu utakuwa bado. Akirudi kule, kwenye njia ile ile, ataanguka tena, na safari hii huenda wasimwone mapema. Niliogopa, tena niliogopa kila siku, na sioni haya kulisema.

Lakini kumwambia mama yangu akae ni kama kuniambia mimi nikae. Mume wangu yuko reli, Manyoni, huja mwisho wa mwezi. Mashine yangu iko mwendo wa dakika tano tu kutoka nyumbani, na msimu ukianza magunia yanapanga foleni. Kwa hiyo mama alishinda na kuku. Siku ya tatu nilimkuta getini amesimama na fimbo yake, anawauliza wapita njia gari la Mtinko linapakilia wapi siku hizi.

Hapo ndipo nikakumbuka sinema. Kule kijijini, siku ya mnada, mama alikuwa akiuza mayai yake kisha anaingia kibanda umiza, anakaa benchi la mbele na kikapu mapajani, akitazama zile muvi zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri anazungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kuongeza utani wake mwenyewe. Akitoka hapo anarudi nyumbani, na wakati wa kuchambua mtama anawasimulia wenzake kwa Kinyaturu, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilichukua ile sehemu ya kwanza tu. Nikasema, mama anapenda sinema, nitamjazia nyumba sinema, na atakaa.

Sebuleni runinga ilikuwapo. Tatizo ni kwamba kwetu mama mkwe hakai kutazama picha pamoja na mkwe wake, huku mbele watu wanakumbatiana. Mume wangu akija, mama angelazimika kujifungia chumbani, naye mume wangu angekuwa anakohoa barazani akiogopa kuingia kwake. Nikanunua runinga ndogo ya pili, fundi akaitundika chumbani kwa mama, ikitazamana na kitanda. Nilijiona nimefanya jambo la adabu na la akili kwa pamoja.

Kisha nikaanza kuhangaika na namna ya kuileta sinema kwenye kioo. Nilianza na king'amuzi. Mama alitazama siku mbili, akasema tamthilia anayoipenda inakuja saa yake na wewe unaisubiri, na ikifika wanaikata kuuza sabuni. Nikahamia kwenye flashi. Kuna duka karibu na stendi wanakujazia muvi zilizotafsiriwa, lakini kila baada ya siku mbili lazima mtu aende kuijaza upya, na mama hakuweza kuichomeka nyuma ya runinga bila kushuka kitandani na kuinama. Mara mbili tulikuta sehemu ya kwanza ya muvi ipo, ya pili haipo. Nikanunua waya wa kuunganisha simu yangu na runinga. Huo ulifanya kazi vizuri sana, mpaka nilipochomoa simu yangu niende kazini na sinema ikaondoka nami.

Ndani ya wiki tatu nilibadilisha mara tatu. Kila kitu nilikiona kibaya kabla hakijapoa mikononi. Mwenye duka la vifaa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuongea taratibu mpaka natamani kumsukuma. Alinieleza kwamba naweza kuchukua kijiti kidogo kinachochomekwa nyuma ya runinga, ila kinapata joto na intaneti ikisuasua nacho kinasuasua. Au nichukue kisanduku, kikubwa kidogo, chenye tundu la flashi pia, ili siku mtandao ukikata mama asibaki na kioo cheusi. Akaniuliza intaneti ni ya simu au ya rauta. Nikasema ya rauta, sitaki tena kuondoka na sinema mfukoni. Akaniuliza umeme wangu ukoje. Nikamwambia tuko laini moja na mashine yangu, nikiiwasha, taa za nyumbani zinakonyeza. Akaongeza stabilaiza ya kutuliza umeme.

Kisha akauliza, "Na mama atakuwa anatazama na nani?"

"Peke yake," nikamjibu. "Ana chumba chake."

Alinitazama kidogo, akasema basi nichukue rimoti yenye vitufe vichache. Nilidhani ndilo alilokuwa anauliza.

Jioni ile nilifunga kila kitu mwenyewe. Nilitafuta mahali mtandaoni palipojaa muvi zilizotafsiriwa, nikazipanga mbele ili mama asihangaike. Nilipaka rangi ya kucha kwenye vitufe viwili, nyekundu ya kuwasha na nyeupe ya kurudi. Mama alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Asubuhi nilipoaga alikuwa ameshamchagua mzee fulani mwenye upanga, mtafsiri anapiga kelele, na mama anatikisa kichwa. Nilitoka nikiwa mwepesi.

Wiki ile nilikuwa nakuja nyumbani mbio, nachungulia mlangoni, naona uso wake umeangazwa na kioo, na moyo wangu unatulia kwa muda wa kufikia geti. Yeye akiniona alikuwa anaanza, "Leo kuna mama mmoja, amemficha mtoto ndani ya gunia." Mimi nasema nakuja, mama, nakuja sasa hivi. Siku nyingine alisema picha sasa haikonyezi, zamani ilikuwa ikikonyeza akajua nimewasha mashine. Nikamwambia ndiyo kazi ya stabilaiza, nikaenda zangu nikijisifu.

Siku moja nilirudi saa nne asubuhi kuchukua chaja. Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, fimbo mkononi. Runinga ilikuwa imezimwa. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wake wa safari, umefungwa kwa kitenge mafundo mawili.

Nilikasirika, tena vibaya. Nilimpa orodha yote nikiwa nimesimama mlangoni: king'amuzi, flashi, waya, kisanduku, rauta, rangi ya kucha. Nikamwambia hakuna mama Mtinko nzima mwenye sinema nyingi kama zake. Nikamwambia alizeti zake bado mbichi na mguu wake bado mbichi, anataka nini tena. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwanangu, nimejaa," akasema. "Sinema kumi na mbili ziko humu kifuani, na nyumba yako haina sikio. Kule nikitazama moja, naibeba nawapelekea wenzangu. Hapa natazama mpaka macho yanauma, halafu naikalia."

Nikamkumbuka yule mpole wa dukani na swali lake. Nilikuwa nimechagua kifaa kwa uangalifu wote huo ili nipate kitu cha kukaa na mama badala yangu.

"Basi nipe moja," nikasema.

"Kaa."

"Nimekaa."

"Umeegemea mlango. Kaa."

Nikakaa kitandani, kando yake. Kwetu msimuliaji haendi mbele mpaka umwitikie. Anasema kipande, unasema eeh, anasema kingine. Tulipokuwa watoto, mama alikuwa akiikata hadithi pale pale eeh yako ilipokoma, na hata ulie hakuimalizia. Simu yangu ilianza kutetemeka, watu wa magunia hao. Niliilaza kifudifudi. Goti langu lilikuwa linacheza lenyewe, na mama, bila kunitazama, akailaza fimbo yake juu ya magoti yangu mawili.

Akaanza kwa Kinyaturu. Ilikuwa sinema niliyomwekea mwenyewe asubuhi ile, na mwanzo wake nilikuwa nimeuona nikisubiri mtandao ukae sawa: mama muuza nguo, katika mji mkubwa wenye theluji, anamtafuta mwanawe. Alisimulia vizuri kuliko mtafsiri. Theluji aliifanya unga unaomwagika kutoka juu na hakuna wa kuukinga. Nikasema eeh. Mama muuza nguo akagombana na mwenye nyumba. Eeh. Asubuhi moja akaamka, akakuta mtungi mtupu, akachukua ndoo kwenda kisimani.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Katika mji ule hakukuwa na kisima, walikuwa na mabomba ndani ya nyumba. Lakini mama aliendelea kutazama ukutani, pale pasipo na runinga. Akasema jiwe lilikuwa na unyevu. Akasema yule mama aliusikia mguu kabla ya kuhisi maumivu. Akalala ubavu, jua likamkalia upande mmoja wa uso. Mbuzi wakaja wakamnusa, wakaondoka. Nikasema eeh, na sauti haikuwa yangu, kwa sababu nilishajua tuko wapi. Tulikuwa Mtinko.

"Alikuwa na simu, ameifunga kwenye pindo la kanga," akasema mama. "Akaitoa, akampigia binti yake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akapiga ya tatu."

Alikuwa ananingoja mimi niitikie. Asubuhi ile aliyoanguka, mashine ikinguruma, niliisikia simu ikitetemeka kiunoni. Niliitoa nikaona ni mama, nikairudisha. Mama alikuwa akinipigia kila asubuhi, kuku ametaga, mvua imegoma, umekula nini. Nilisema nitampigia baadaye. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Niliona aibu kubwa, nikatamani kuinuka nikimbie, na fimbo ya mama ilikuwa bado juu ya magoti yangu.

Alingoja. Nilijua nisipoitikia itakatika hapo hapo, na hataisimulia tena maisha yake yote.

"Eeh," nikasema.

"Basi hakupiga tena. Akasema moyoni, binti yangu ana kazi nyingi, nisimsumbue. Akalala pale mpaka wachota maji wa mchana walipokuja."

"Eeh."

"Binti akaja hospitali. Alichelewa, lakini akaja."

Nililia hapo, na mama akaniacha nilie. Kisha nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba simu niliiona. Akasema alijua, kwa sababu simu ya mtu asiyeiona haiachi kuita ghafla mara ya tatu. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba ile ya tatu niliikata.

Tulikaa. Sijui ni muda gani, ila chaja niliyoijia ilibaki ukutani na watu wa magunia walichoka kupiga. Kisha mama akaitazama runinga.

"Hiyo runinga itoe humu. Kisanduku ukifunge kwenye ile ya sebuleni, majirani wapate kuingia."

"Na mkwe wako akija?"

"Nitatazama ukutani."

Akaichukua fimbo yake kutoka magotini kwangu, akaigusisha kwenye mfuko.

"Kesho utarudi saa ngapi?"

Nikamwambia saa saba, nitaizima mashine nije nile chakula nimekaa. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepanga lini aanze kutazama ili amalize kwa wakati. Kisha akainama, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akatoa kanga zake moja moja, akanipa nizirudishe kabatini.