Fundi wa Nakivale aliyeikata mdomo bunduki ya sinema

Saa mbili asubuhi. Jua limeshapanda juu ya mabati ya Base Camp, mtaa wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na Eliane Nabintu ameketi kizingitini kwake, miguu ameinyoosha, beseni la maji ubavuni. Anachovya kipande cha msasa majini, anakipitisha taratibu juu ya kitu cha plastiki kinachotosha kiganjani, kisha anafumba macho na kukipapasa kwa kidole gumba.

"Macho inadanganya," anasema bila kuyafumbua. "Kidole haidanganye. Kama kuko kashimo hata kadogo, kidole inakaona."

Kitu hicho hakina kazi yoyote hapa duniani. Ni kifaa cha kuongelea cha wasafiri wa anga, kitakachoonekana katika filamu inayotengenezwa na kikundi cha vijana wa Mbarara. Kimeletwa kikiwa na rangi ya majivu na mshono mnene katikati. Kikitoka mikononi mwa Eliane kitang'aa kama kimetoka kiwandani, halafu atakichakaza tena kidogo kwenye pembe, ili mtazamaji aamini kwamba kimetumika miaka mingi.

Kazi hii anaipenda. Lakini mara ya kwanza alipoikubali, ilimtoa mama yake mzazi nyumbani.

Eliane ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kamanyola, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, ambako baba yake alikuwa akitengeneza makabati na vitanda. Watoto wa kiume walifundishwa kukata mbao. Yeye, kwa kuwa alikuwa mvumilivu, alipewa msasa na brashi ya vanishi. "Papa alikuwa anasema, mutu ananunua kitanda na macho, lakini analalia kazi ya mwenye kusugua," anakumbuka.

Baba alifariki kabla ya vita kufika mtaani kwao. Kilichofuata Eliane anakisimulia kwa maneno machache. Watu wenye bunduki waliingia nyumbani, na kaka yake mkubwa alitolewa nje, hakurudi. Yeye na mama yake, ambaye majirani humwita Mama Anne, walivuka mpaka na hatimaye wakafika Nakivale. Hapa ndipo alipoolewa na Bonaventure, mchuuzi wa maharage anayeshinda siku nyingi za juma katika masoko ya Ngarama.

Makazini humu hakuna mtu anayeagiza kabati la vanishi. Eliane akageukia plastiki. Akaanza kuziba mabeseni yaliyopasuka, madumu yanayovuja, viti vilivyovunjika miguu. Alijifunza mwenyewe kuyeyusha plastiki kwa chuma cha moto, kujaza nyufa kwa puti, ule udongo laini wa kuzibia, kusugua na kupuliza rangi. Beseni moja likipona, analipwa shilingi elfu moja, wakati mwingine kikapu cha viazi.

Mahmood, mpiga picha za video mwenye kibanda chake Kakoba, mjini Mbarara, alimfahamu kwa ajali. Alikuja Nakivale kurekodi harusi, pikipiki yake ikaanguka na bamba la mbele likapasuka vipande vitatu. Alipelekwa kwa Eliane. Jioni alirudishiwa bamba ambalo hakuweza kuonyesha lilikuwa limepasukia wapi.

"Mimi nilitafuta ule ufa mpaka nikachoka," anasema Mahmood. "Nikasema, huyu nyabo, huyu mama, siku moja atanifanyia kazi ya sinema."

Siku hiyo ilifika mwanzoni mwa mwaka huu. Mahmood na wenzake walikuwa wameanza filamu ya kubuni kuhusu wakati ujao, ambapo watu wa Mbarara wanaruka hadi sayari kavu kutafuta makazi. Alimpa Eliane mfuko uliofungwa vizuri. Alimwambia tu kwamba ndani mna kidude cha sinema, kimalizwe vizuri, wataanza kupiga picha wiki inayofuata. Eliane alikuwa na wateja mlangoni. Hakuufungua.

Alipoufungua, Mahmood alikuwa ameshaondoka. Ndani mlikuwa na bunduki.

Ilikuwa ya plastiki ngumu, nakala ya silaha ya miale inayoshikwa mkononi na askari wa anga katika filamu za zamani. Mahmood aliiagiza kutoka ng'ambo ikiwa ghafi, bila rangi, ina matundu ya mapovu na mshono uliopita kutoka mpini hadi mdomoni. Mtu yeyote mwenye akili zake angeona ni ya kuchezea. Eliane aliona hivyo pia, lakini mkono wake ulikataa kuigusa. Aliifunika kwa beseni.

"Nilikaa pale nikiangalia beseni," anasema. "Nilijiambia, Eliane, hii ni plastiki. Wewe uko fundi ya plastiki. Kama unaogopa plastiki, utakula nini?"

Akaanza kazi. Aliifanya ndani, mlango umerudishwa, saa ambazo Mama Anne huwa shambani. Alijaza matundu kwa puti, akasugua mshono hadi ukapotea, akapuliza rangi ya kwanza. Kadiri alivyosugua ndivyo hofu ilivyopungua, kwani alishajua kila kasoro ya kile kitu. Hakumwambia mama yake neno. Alidhani ataimaliza na kuirudisha kabla bibi huyo hajajua lolote.

Siku ya kupaka rangi nyeusi ya mwisho aliiacha mezani ikauke, akaenda kuchota maji. Mvua ikaanza kunyesha upande wa mashambani. Mama Anne, mwenye miaka sitini na saba, akakatiza palizi na kurudi mapema.

Eliane alipofika na dumu lake alikuta jembe limeangushwa mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Mama hakuwepo.

"Nilijua palepale. Sikuuliza mutu. Nilijua ameiona."

Alimkimbilia jirani, Emery, fundi wa redio na taa za sola. Wawili hao waliingia kila nyumba ya mtaa, wakaenda zahanati, wakashuka hadi karibu na ziwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Kila waliyemuuliza alisema hakumwona. Emery anasema Eliane hakulia, ila alikuwa akirudia neno moja tu, "mama, mama", kama mtu anayehesabu.

Walimkuta katika kanisa dogo la mtaa wa pili, nyuma kabisa, ameketi sakafuni katikati ya mabenchi. Nguo zake zilikuwa zimelowa. Alikuwa amevaa kiatu kimoja.

"Nilidhani bamerudi," Mama Anne aliniambia nilipomuuliza kuhusu siku ile. "Niliona ile kintu mu meza, nikasema, bale batu bako mu nyumba. Bameweka bunduki, bako banakula. Nilitoka pole pole, basinisikie."

Eliane alimweleza kwamba ni kitu cha sinema. Alimweleza mara nyingi. Mama alimsikiliza, akaelewa, na bado akakataa kurudi. Alisema atalala kwa Emery, ambaye mkewe ni muumini mwenzake. "Siko nakugombeza, mutoto wangu," alimwambia. "Lakini siwezi lala fasi moja na ile kintu. Itoke kwanza."

Asubuhi yake Eliane alimpigia Mahmood simu. "Kuya uchukue kintu yako," alisema, akakata.

Mahmood alifika mchana, akiwa na hasira kidogo kwa sababu siku za kupiga picha zilikuwa zimekaribia. Hasira hiyo iliisha alipoketi na kuelezwa yaliyotokea. Nilipokutana naye Kakoba, bado alikuwa akiona aibu.

"Mimi sikufikiria kabisa," anasema. "Kwetu hapa hii kitu ni mchezo tu. Watoto wanakimbia nayo kwa barabara. Sikujiuliza inaenda kwa nyumba ya nani. Nilimwambia, nyabo, nisamehe, nilikosea."

Angeweza kuibeba na kuondoka, na mambo yangeishia hapo. Lakini Eliane alikuwa ameshatumia mikono yake juu ya kitu hicho, na hakutaka kitoke kikiwa vile. Alimuuliza Mahmood swali ambalo hakuna mtu katika kikundi aliyekuwa amewahi kuliuliza. Je, hao watu waliofika kwenye sayari kavu wanataka kumpiga nani?

Mahmood alisema hajui vizuri. Kwenye hadithi kulikuwa na adui, lakini hawakuwa na nguo za kumvalisha adui.

"Basi kama sayari iko kavu," Eliane akamwambia, "hawa batu banatafuta maji. Niache niikate mudomo. Nitaifanya ikuwe kintu ya kutafuta maji."

Kwa Mahmood hilo lilikuwa gumu. Aliipenda nakala ile. Tangu akiwa sekondari alikuwa akitamani kuwa na moja, na kuipata hakukuwa rahisi. Aliishika, akatoka nje, akazunguka nyumba. Eliane anasema alimsikia akipiga simu kwa mtu na kubishana kwa Kinyankole. Kisha akarudi na kuiweka mezani.

"Kata," akasema.

Eliane aliikata kwa msumeno wa chuma. Akaufupisha mtutu, akauziba, akaweka mahali pake kioo cha duara alichokitoa kwenye tochi mbovu. Mpini aliupasha moto na kuunyoosha, ukawa kama wa kurunzi. Kitufe cha kufyatulia alikiondoa, akajaza shimo lake na kusugua hadi likawa laini. Emery aliingiza betri, swichi na taa ndogo ya kijani. Ile rangi nyeusi ilikwanguliwa yote. Badala yake Eliane alipaka njano, njano ya dumu la maji, kwa sababu alitaka kila mtu aelewe mara moja.

Alipomaliza, hakungoja rangi ikauke sawasawa. Alikipeleka kwa Emery kikiwa juu ya ungo, akakiweka mbele ya mama yake, hatua chache, asimsogelee.

Mama Anne alikitazama. Aliuliza mdomo umekwenda wapi. Eliane akatoa mfukoni kipande kilichokatwa, akakionyesha. Mama aliuliza tena kama kile kipande kinaweza kurudishwa. Eliane akakivunja kwa nyundo pale uani.

Ndipo bibi akanyoosha mkono, akakiinua kile kifaa, akakipima uzito.

"Ni kiepesi," alisema. "Ile ya bale batu ilikuwa nzito. Niliona vile ilikuwa inabavuta bega."

Jioni hiyo alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alimkuta binti yake akipika, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Eliane anasema alilazimika kutoka nje kwa sababu machozi aliyoyazuia tangu siku ya mvua yalikuja yote kwa pamoja. "Nililia na furaha. Kifua ilifunguka. Nilikuwa nimesahau namna ya kupumua."

Ilibaki safari ya kukifikisha Mbarara. Eliane alikifunga kwenye kitenge akapanda gari asubuhi. Karibu na Isingiro askari walisimamisha magari kwa ukaguzi wa kawaida, na mmoja wao akagusa kifurushi.

"Hii ni nini, nyabo?"

"Ni taa ya sinema, afande."

Askari alikifungua, akakigeuza, akaona swichi, akabonyeza. Mwanga wa kijani ukawaka. Akamwita mwenzake aje aone.

"Inafanya kazi gani?"

"Inatafuta maji, mu sinema."

"Basi ibaki hapa kwetu," askari akasema. "Mfereji yetu iko kavu tangu Jumatatu."

Abiria walicheka. Eliane alicheka nao. Gari lilipokuwa limeshaondoka ndipo alipofikiria ingekuwaje kama kifurushi kile kingefunguliwa kikiwa na mdomo wake, mbele ya askari, mikononi mwa mkimbizi.

Huko Kakoba kikundi kilikisubiri. Zakiah, anayeigiza nahodha, alikuwa wa kwanza kukishika, na hakutaka kukiachia. Mahmood ameandika upya nusu ya hadithi. Adui ameondolewa. Sasa wasafiri wanazunguka sayari kavu na kifaa cha njano, na tukio ambalo kila mmoja kikundini analizungumzia ni lile ambapo nahodha anapiga magoti kwenye mawe na taa ya kijani inawaka.

"Sinema imekuwa nzuri kuliko ile ya kwanza," Mahmood anakiri. "Sasa kila kitu ya mkono natuma kwa Eliane. Lakini nafungua mfuko mbele yake, na mbele ya mama."

Eliane anataka kujenga chumba kidogo nyuma ya nyumba, chenye dirisha kubwa, ili vumbi la msasa na harufu ya rangi visiingie wanakolala. Wanawake wawili wa mtaani wameshamwomba awafundishe, naye amekubali kuanza nao mara kuta zitakaposimama. Matofali ameanza kuyafyatua, na Bonaventure akirudi kutoka Ngarama humsaidia.

Kabla ya hapo kuna jambo jingine. Mahmood ameahidi kwamba filamu ikikamilika itaonyeshwa kwanza Nakivale, katika ukumbi wa kanisa la Base Camp, kwenye shuka jeupe. Emery atasimamia umeme. Watu wameanza kuulizia siku.

Mama Anne hajawahi kuona sinema. Nilimuuliza kama atakwenda kutazama kazi ya binti yake. Alimtazama Eliane, aliyekuwa bado anasugua, kisha akanigeukia.

"Nitaenda," alisema. "Lakini banikalishe karibu na mulango."