Buti la Kukulia Halivaliwi Ziwani

Siku ile naikumbuka kwa miguu, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka kwa kichwa. Juzi uliponionyesha kwenye simu zile picha za buti na mbao, ukasema, "Baba mkubwa, nichagulie, nakwenda kujifunza kuteleza majini kwa tiara," mimi nilicheka, ukadhani nakudharau. Wala. Nilijiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako, na vifundo vya miguu vikaniwasha. Basi kaa, chai ipo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, Mpanda yetu ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa naishi mtaa wa Makanyagio, nauza viatu vya mtumba sokoni. Na unajua wazazi wetu wanavyonunua kiatu cha mtoto: wanachukua kikubwa, tunakishindilia matambara puani, mtoto anaondoka anapwaya kama bata, mama anasema, "Atakua nacho." Kiatu cha kukulia. Nilikuwa nimeuza vya namna hiyo vingi sana, mpaka moyoni nikaamini hakuna kiatu kikubwa kupita kiasi duniani. Kuna matambara machache tu.

Tena nilikuwa mtu wa vichekesho na mtu wa ndoto. Nikiona lori linakwenda Kigoma, mimi kimawazo nimeshafika, nimeshaoga, nimeshapata marafiki.

Mwezi wa saba nikapanda lori na kiroba changu cha viatu kwenda Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kumsalimia shangazi yangu Nyamizi, dada yake baba, aliyekuwa anaanika dagaa kule. Nikakuta kijiji kizima kiko ufukweni. Kuna mzungu amekuja na tiara kubwa ya kitambaa, kubwa kuliko paa la nyumba. Anajifunga nayo kiunoni kwa kamba ndefu, anasimama juu ya ubao, upepo unaibeba tiara, tiara inamvuta yeye, naye anakata maji kama kisu kwenye papai. Watoto wakamwita Bwana Tiara. Siku hizo mchezo wenyewe ulikuwa mchanga hata huko kwao. Wewe unauona kwenye simu, sisi tulidhani ni uchawi wenye leseni.

Bwana Tiara alikuwa anataka kijana mmoja wa kumsaidia, waende pamoja kusini, kijiji kwa kijiji, mpaka ziwa liishe. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Kesho vijana jaribu. Anaweza, twende naye." Tuliojitokeza tulikuwa wawili: mimi, na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia upande ule na ng'ombe. Mrefu, mwembamba, mdomo kama wembe. Mwanangu, usiku ule sikulala. Nilishajiona nateremka na lile ziwa lote, watu wa kila kijiji wakiniuliza mimi ni nani.

Mbao zilikuwa mbili. Mmoja mfupi, unang'aa, na juu yake zimekazwa buti mbili za kufunga kwa kamba, zinapanda mpaka juu ya kifundo. Wa pili mrefu, mpana, umekwaruzika, na mahali pa buti una mikanda tu ya kuchomeka mguu, kama ndala. Asubuhi yake Bwana Tiara akanitazama juu mpaka chini, akanionyesha ule mrefu.

"Wewe mzito," akasema. "Upepo leo kidogo. Ubao mkubwa, nzuri."

"Na buti?" nikauliza.

"Buti yangu arobaini na sita. Wewe?"

"Arobaini na moja."

Akatikisa kichwa. "Hapana buti."

Masanja akadakia, "Umesikia? Umepewa ndala na mlango wa choo. Panda, bwana harusi!"

Watu wakacheka. Mwanangu, kwetu mtu akikupa kilichochakaa mbele za watu unahisi amekupima na kukuona mwepesi. Bwana Tiara alipokwenda mbali kule mchangani kunyoosha kamba zake, nikauvuta ule ubao mfupi, nikaingiza miguu kwenye buti. Zikapwaya. Basi ufundi wangu wa sokoni ukanipanda. Nikachana shuka la zamani, nikashindilia puani, nikashindilia kisiginoni. Bado mguu unacheza. Nikaomba mpira wa tyubu ya baiskeli, ule tunaofungia magunia ya mkaa, nikauzungusha juu ya buti na kifundo, nikavuta, nikapiga fundo juu ya fundo. Nikasimama. Mguu na ubao vikawa kitu kimoja.

Shangazi akatoka kwenye vichanja vyake vya dagaa, mikono inang'aa magamba.

"Hiyo mipira ya nini?"

"Kukaza, shangazi. Zinapwaya."

"Umekaza, sawa. Na kuvua?"

"Kuvua nitavua nikirudi."

"Ukirudi." Akatazama ziwa, akanitazama mimi. "Haya. Kabla hujafungwa kwenye hilo dude, ingia hapo maji ya magotini. Lala chali, halafu uzivue nikiona."

"Shangazi, watu wananisubiri."

"Mimi ni nani? Mbuzi?"

Masanja akapaza sauti, "Muogeshe kabisa, shangazi! Tangu juzi hajaoga huyu!"

Kicheko tena. Nikasema moyoni, ngoja nimridhishe huyu mama yaishe. Nikaruka na ubao miguuni kama chura aliyefungwa, nikafika maji ya magotini, nikajitupa chali.

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu. Ubao ni kitu cha kuelea, unataka kuwa juu. Miguu yangu ikapanda nao, kichwa kikashuka. Nikajikunja kuyafikia yale mafundo, wimbi likaupiga ubao, nikapinduka kifudifudi, uso mchangani. Maji ambayo mtoto wa chekechea angesimama! Nikajigeuza, nikapata pumzi nusu, nikashika fundo. Mpira ukilowa na kuvutwa unang'ata. Kidole hakipati pa kuingia. Nikavuta mguu utoke kwenye buti. Matambara yalikuwa yamekunywa maji, yamevimba, yamenishika kila upande. Wimbi jingine. Nikanywa ziwa.

Na ufukweni wanacheka, kwa sababu mimi ni mtu wa vichekesho. Nilikuwa nawasikia, mwanangu. Nikitoa kichwa nasikia kicheko, nikizama nasikia moyo wangu. Nikataka kuita, nikakumbuka kwamba aliyezoea kuchekesha hata kilio chake kinapigiwa makofi.

Shangazi peke yake hakucheka. Akaingia na kitenge chake chote, akanibeba kichwa kwenye mapaja kama mtoto mchanga. "Masanja! Kisu!" Sauti ile ilikata kicheko cha ufuko mzima. Masanja akaja mbio, akachomoa kile kisu chake cha machungani, akakata mpira huku anasema, "Tulia, ndugu yangu, tulia, nisikukate." Buti zikaachia. Nikakaa kwenye maji nakohoa.

Ndipo tukasikia mlio kule mbali. Upepo ambao Bwana Tiara aliuita kidogo ulikuwa umeamka ghafla. Ile tiara ikanyanyuka kwa nguvu, ikamwangusha mwenyewe, ikamburuta mchangani kwa kifua, mpaka akafyatua ndoano ya kiunoni ikamwachia. Akainuka na mchanga puani. Tiara ikaenda kuanguka juu ya mawimbi. Kila mmoja alinitazama miguu.

Shangazi hakunipigia kelele. Alikamua kitenge chake taratibu, akasema, "Mtoto anapewa kiatu kikubwa kwa sababu mguu wake unakua. Wako unakua? Unakulia nini, mtu mzima na ndevu? Nyie mnaangalia kitu kinavyovaliwa. Ziwa linaangalia kinavyovuliwa."

Mchana upepo ulipotulia, tiara ilikuwa imeshavutwa nchi kavu. Masanja akapanda ule ubao mrefu, pekupeku, kwenye mikanda. Akaanguka, akatoka kirahisi. Akaanguka tena, akatoka. Halafu akasimama, akaenda kipande kizuri tu akipiga mayowe kama anaswaga ng'ombe. Nikaja mimi. Kila ubao ulipotikisika, nilichomoa miguu kwa woga. Bwana Tiara akanipiga bega kwa upole, na kesho yake akaondoka na Masanja.

Nililia nyuma ya vichanja vya dagaa, sikufichi. Shangazi akanikuta, akanisukumia sahani ya ugali. "Nuna," akaniambia. "Bora nikurudishe kwa mama yako umenuna."

Sasa, mwanangu, hizo picha zako. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na buti la kuazima ni hivyo hivyo. Usinunue buti kwa rangi wala kwa jina. Livae, livute: kisigino kisipande, vidole visikunjike, damu isifungwe. Likipwaya liache dukani. Hakuna tambara la kuliponya. Kisha lilowanishe, lala nalo majini pafupi, mtu wako akiwa pembeni, ulivue mwenyewe. Likikataa kutoka hapo, litakataa na huko mbele. Na kama ndiyo kwanza unaanza, chukua mikanda, achana na buti.

Ubao nao, pima mwili wako na upepo wa siku hiyo. Mtu mzito, upepo mdogo, ubao mkubwa. Upepo mkali, au mwili mwepesi, ubao mdogo. Macho ya watu usiyatie kwenye hesabu hiyo, maana ukizama, hayo macho yatabaki nchi kavu. Ukipewa ule mkubwa uliokwaruzika, sema asante. Mikwaruzo ni ya waliojifunza juu yake wakarudi. Na akitokea mama mwenye magamba mikononi akakwambia lala chali, wewe lala, hata kama ufuko mzima unacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilibakiza kidogo tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe upepo wa kadiri yako na maji yenye huruma. Akupe rafiki mwenye mdomo wa utani na kisu cha karibu, na jioni kila siku akurudishe kwetu, hata kama umenuna. Amina.