Kiwanja kwa Jina la Mdogo Wangu

Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakati majirani wakitundika nyota za karatasi madirishani, nilimpoteza mke wangu. Alifia hospitalini asubuhi, kabla hakujapambazuka, na majira yale huku hakupambazuki sana. Nilirudi nyumbani Vällingby, pembezoni mwa Stockholm, na koti lake mkononi, maana sikujua nilifanyie nini.

Sina mengi ya kusema juu ya kifo chenyewe. Alikuwa ameugua, tulijua. Nataka kueleza kilichofuata, kwa sababu wengi wa kwetu tunaoishi huku tumepanga mali zetu kama tulivyopanga mimi na yeye.

Mimi naendesha foklifti kwenye ghala moja la Jordbro. Yeye alihudumia wazee majumbani mwao. Mshahara wa huku hutoka tarehe ishirini na tano, na jioni ya siku hiyo mke wangu alikaa kwenye meza ya jikoni akagawa. Kodi na chakula kwanza. Kilichobaki kilienda sehemu tatu. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye nyumba tuliyokuwa tukijenga nje kidogo ya Tukuyu, kwetu Tanzania. Ya pili ilikwenda kwenye upatu wa akina mama, ambao walikuwa mchanganyiko: Watanzania, Mkenya mmoja, Warundi, Wakongo. Ya tatu, ndogo kabisa, ilikwenda benki kwenye mfuko wa uwekezaji wa binti yetu. Mfuko huo hakuupenda sana. Alisema hawezi kuipenda mali ambayo hawezi kuifagia.

Nyumba aliipenda. Alijua kila tofali lake ingawa mengi alikuwa hajayaona. Mdogo wangu ndiye aliyesimamia, akitutumia picha: msingi, kuta, nondo za madirisha ambazo mke wangu alizichagua mwenyewe, zenye maua katikati.

Kiwanja kiliandikwa kwa jina la mdogo wangu. Binti alipoanza shule tulichukua uraia wa Sweden, na kwetu huwezi kuwa na uraia wa nchi mbili, wala asiye raia hamiliki ardhi. Kwa hiyo tulifanya wanavyofanya wote tunaowafahamu. Mmoja kaandikisha kwa jina la mama yake, mwingine kwa jina la shemeji. Hatukuona kama tunahatarisha chochote. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Mwaka nyumba ilipofika lenta, juu ya madirisha, mwenye jengo letu la Vällingby alitaka kuwauzia wapangaji. Tuliitwa kwenye mkutano tukaelezwa kwamba kila mtu anaweza kununua nyumba anayoishi, kwa mkopo wa benki, kwa bei ambayo haitarudi tena. Tulirudi tukajadili hadi chai ikapoa. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha kianzio cha mkopo au kupaua, si vyote viwili. Mke wangu akasema kuta zimeshasimama, haziwezi kuachwa zinyeshewe masika mawili. Nami niliona hivyo hivyo. Tukanunua bati. Majirani wengi wakanunua nyumba zao, jengo likawa lao kwa pamoja, nasi tukabaki wapangaji wa majirani zetu.

Aliyetucheka alikuwa mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya juu, aliyetoka upande wa Bukavu, mwenzake mke wangu katika upatu. Yeye mali yake ilikuwa dhahabu, masikioni na shingoni, na vitenge kwenye sanduku.

"Papa," aliniambia siku moja kwenye ngazi, "ile nyumba yenu ya Tanzania, nani analalaka mule?"

Nikamwambia kwa sasa mdogo wangu na familia yake, wanailinda.

"Basi munajengea mdogo. Miye mali yangu naivaaka. Mwizi akikuja, tutaenda naye pamoja."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Akamjibu kwamba dhahabu haina choo wala jiko. Walikuwa wakitaniana hivyo miaka yote.

Safari yetu ya mwisho kwenda Tukuyu alikuwa bado mzima. Asubuhi moja yenye ukungu aliizunguka nyumba, akapanda upande wa juu, karibu na mparachichi alioupanda safari ya nyuma, akaweka mawe matatu chini.

"Mimi hapa," akasema. "Wewe hapa pembeni yangu. Usije ukaniacha nikalala peke yangu na mbu."

Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Kaburi linakuwa hatua chache kutoka mlangoni, na watoto wanakua wakilipita wakienda kuchota maji. Mdogo wangu alikuwepo. Alicheka, akamwambia shemeji yake kwamba atatuzika sisi sote kwanza.

Siku alipofariki nilimpigia simu mdogo wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alilia, na najua alilia kweli. Jioni nyumba ilijaa watu. Akina mama waliingia jikoni bila kuuliza, na wanaume wakaanza kupanga michango ya kusafirisha mwili. Sikuhitaji kuomba. Walikuwa wakijua mahali alipotaka kulala, maana aliwasimulia habari za mparachichi ule mpaka wakachoka.

Siku ya pili mdogo wangu akanipigia. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

"Kaka, mleteni shemeji," akasema. "Tumeshakaa na wazee. Ila tutamlaza makaburi ya kanisa."

Nikamwuliza kwa nini si nyumbani. Akasema watoto wanacheza pale. Nikamkumbusha kwamba mimi na yeye tulikua tukichezea juu ya kaburi la babu, na hakuna aliyetukataza. Nikasikia mtu nyuma yake akikata kuni.

"Kaka, usinielewe vibaya. Ukimzika pale, pale pameshakuwa pako."

"Kwani si pangu?"

"Nani amesema si pako? Lakini hati ina jina langu. Mimi nina watoto wanne, wamekulia humu. Wewe una mmoja, naye hata Kiswahili hajibu. Siku mimi na wewe tukiondoka, atakuja mtu awaambie wanangu watoke, kwa sababu kaburi la mama mwenye nyumba ni lile pale. Nitakuwa nimewaachia kesi."

Hakupaza sauti, na mimi sikupaza. Alichosema ndicho kaburi linachofanya kwetu. Hati inaweza kuliwa na mchwa, mashahidi wanaweza kufa, lakini kijiji kizima kinajua nani amelala wapi, na waliolala ndio wenye shamba. Mke wangu alilijua hilo alipoweka mawe yale. Nadhani mdogo wangu naye alilijua siku ile ile, akicheka.

Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Sawa, kaka. Pole sana, kaka." Ndivyo tulivyoagana.

Nilipofungua mlango binti yetu alikuwa amesimama ukumbini. Ana umri wa miaka ishirini na miwili. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiswidi. Alikuwa amesikia. Akaniuliza, mama akilala kule, yeye akienda kumwona atafikia kwa nani. Nilitaka kusema nyumbani.

Makaburi ya kanisa la kule yako mbali na kiwanja chetu, na mbali zaidi na kwao mke wangu. Angelala pale kama mgeni, na sisi tungekwenda kumwona kama wageni. Kumlazimisha mdogo wangu ningeweza, labda, kwa kuwapigia wazee. Lakini angezikwa katikati ya ugomvi, na ambaye angebaki kuuishi ugomvi huo ni yeye aliyelala pale, na mke wa mdogo wangu akipita na ndoo kila siku.

Mama wa Bukavu alikuwa akiosha vikombe. Aliniona usoni, akafunga bomba. Nilimweleza yeye peke yake. Hakunicheka wala hakunikumbusha maneno yake ya kwenye ngazi. Siku hiyo hakuwa amevaa dhahabu.

"Papa, umwache mama hapa," akasema. "Siye watu wetu tuliwazika njiani, tukikimbia. Hata pahali hatupajue. Huyu mutoto ajue pahali."

Nikatoka nikawatangazia watu kwamba atazikwa Stockholm. Wengine hawakupenda. Baadaye nilisikia inasemwa kwamba nimemtupa mke wangu kwenye theluji ili nisitumie fedha. Michango niliomba kila mtu arudishiwe chake, isipokuwa iliyokwisha kununua chakula. Sababu sikuitoa. Sikutaka mdogo wangu awe hadithi ya kusimuliwa kwenye treni.

Kwenye ofisi ya makaburi tulipokewa na mwanamke wa makamo, mpole. Alituonyesha ramani, tukachagua sehemu yenye misonobari kwa sababu binti aliweza kufika kwa basi moja. Kisha akaniuliza kama kaburi litakuwa la mtu mmoja au la wawili. Akaeleza kwamba kama ni la wawili, wa kwanza huchimbiwa chini zaidi ili wa pili awekwe juu yake. Kwa hiyo lazima wajue kabla ya kuchimba.

Binti aliangalia ramani. Yule mwanamke hakuniharakisha, aliweka kalamu chini akasubiri. Nilifikiria mawe matatu, na upande wa pembeni nilioonyeshwa. Nilijua nikijibu neno moja, Tukuyu imekwisha kwangu pia.

"Wawili," nikasema.

Tulimzika wiki mbili kabla ya Krismasi. Udongo ulikuwa umechimbwa kwa mashine na kufunikwa zulia la kijani ili tusiuone. Huku watu hurusha ua moja, huondoka, na wafanyakazi hufukia baadaye. Sisi hatukuondoka. Mmoja wetu akaenda kuomba makoleo, wakaleta mawili, tukapokezana. Udongo ulikuwa umeganda, mabonge yalipiga jeneza kama mtu anayegonga mlango. Akina mama waliimba mpaka tukamaliza. Mama wa Bukavu alimshika binti yangu mkono muda wote.

Baada ya Krismasi akina mama wa upatu walikuja na bahasha. Ilikuwa zamu ya mke wangu kupokea. Nikawaambia hawalazimiki, kwa kuwa hakuna karatasi yoyote na mwenyewe hayupo. Wakaniangalia kama niliyewatukana. Bahasha wakaiweka mezani, mahali pale pale alipokuwa akikaa kugawa.

Sheria ya huku inadai mali yote ya marehemu iorodheshwe ndani ya miezi mitatu. Mwezi wa Februari nilikaa na bwana mmoja wa kazi hiyo, kijana, tai imekazwa. Akauliza akaunti za benki, tukaandika. Mfuko wa uwekezaji haukuandikwa kwa sababu ulikuwa kwa jina la binti tangu mwanzo. Ule ambao mama yake hakuupenda umefika salama, na umekua kuliko nilivyodhani. Samani tukaandika. Bahasha ya upatu nikamweleza, ingawa mama wa Bukavu alikuwa ameniambia ninyamaze. Alikuna kichwa, akaiandika kama fedha taslimu.

Kisha akauliza kama marehemu alikuwa na mali nje ya Sweden.

"Nyumba," nikasema.

"Iko kwa jina la nani?"

"La mdogo wangu."

Akasubiri aone kama nitaongeza kitu.

"Basi siwezi kuiandika," akasema.

Nikamwuliza kama hakuna mahali anapoweza kuandika tu kwamba ipo. Nikamweleza kwamba nondo za madirisha alichagua yeye. Aliniambia, kwa heshima, kwamba fomu haina mahali pa namna hiyo. Akaandika: hakuna. Nikasaini.

Mdogo wangu bado ananipigia, Jumapili kwa kawaida. Ananiuliza hali, ananiambia habari za mvua na bei ya ndizi. Nami namwuliza watoto. Sijamchukia. Nyumba hatuizungumzii, na yeye haombi tena fedha ya rangi wala ya dari. Picha hatumi. Sijui kama mawe yapo.

Mwezi wa Aprili ikaja barua kutoka ofisi ya makaburi. Kiswidi cha ofisini kinanipa shida, kwa hiyo nilimsubiri binti arudi kutoka kazini akanisomea jikoni, akiigeuza kwa maneno mepesi. Ilisema mwenye haki ya kaburi ni mimi, na jina langu lilikuwa limeandikwa kamili, bila kosa. Katika maisha yangu, kwetu na huku, hicho ndicho kipande cha kwanza cha ardhi kuandikwa kwa jina langu.

Akaendelea kusoma, akasimama. Haki hiyo ni ya miaka ishirini na mitano.

"Na baada ya hapo?" akauliza, kwa Kiswidi.

Nikamwambia inaweza kuongezwa, ikiwa yupo mtu wa kuomba. Mimi wakati huo nitakuwa chini, juu ya mama yake, au nitakuwa mzee asiyejua tarehe. Hilo sikulisema, ila alilielewa.

Akachukua simu yake, akafungua kalenda, akawa anasukuma miaka mbele kwa kidole, muda mrefu, mpaka akafika. Akaniuliza aandike nini.

Nikamwambia aandike mama. Akaandika, akaiweka simu mezani, nikapakua chakula.