Kodi ya Ghorofa la Krismasi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado bibi harusi hapa Marangu, baba yako alichukua fedha zangu za ndizi akalipie kodi yake ya kichwa. Babu yako, mkwe wangu, alikuwa mgombani akiokota kahawa. Hakunyanyuka hata kidogo.

"Rudisha," alimwambia. "Kodi ni yako. Mkeo hakutumwa sokoni na serikali."

Baba yako alirudisha, akapanda mlimani kubeba mizigo ya watalii mpaka akapata zake.

Nimeyakumbuka hayo, mwanangu, kwa sababu nimekasirika, na sioni sababu ya kukuficha. Ulipojenga ghorofa kwenye kihamba, shamba la urithi la babu yako, nilifurahi. Ulipovuta umeme kutoka kwenye mita yako hadi nyumbani kwangu, nilikushukuru mbele ya ukoo mzima. Kumbe kila mwezi nikinunua umeme, kabla sijapata hata uniti moja, inakatwa kodi ya jengo, tena ya ghorofa. Mwezi nisiponunua, deni linanisubiri. Wiki iliyopita nimeuza maziwa nikanunua umeme, deni likala fedha karibu zote, nikalala gizani. Nje kuna ghorofa ambalo linalaliwa Desemba tu, mkishamaliza mbuzi mnarudi zenu Dar.

Nilikupigia simu. Ukacheka: "Mama, hivyo si vihela vidogo tu?"

Kama ni vidogo, mbona vinatoka kwangu?

Halafu nikaenda kuuliza ofisi ya kijiji. Mtendaji, kijana mwenye adabu zake, akaniambia mzee anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe husamehewa kodi hiyo, ila aombe. Sasa nitaombaje, na mita ni ya ghorofa lako? Mimi wa kusamehewa ndiye ninayelipa, wewe wa kulipa unachoma mbuzi.

Sikiliza basi. Nyumba ina mwenyewe mwaka mzima, si Krismasi peke yake. Lipia ghorofa lako kila mwezi, uwepo usiwepo. Nifungie mita yangu kwa jina langu, msamaha nitauomba mwenyewe, miguu ninayo. Na vile vyumba unavyopangisha Njoro kule mjini, kaulize wapangaji wako kodi ya jengo inakatwa kwa nani, maana umeme wananunua wao na nyumba ni yako.

Mungu akuzidishie, mwanangu, na taa zako ziwake kwa jasho lako. Ila Desemba ukija bila mita yangu, shikamoo yako baki nayo. Sitaiitikia.