Karatasi Nyeupe ya Semeni

Pale Bungu harusi haikunoga bila mkasi wa Semeni. Alikunja karatasi ya rangi, akaichanja, akaivuta, na vidirisha na vilimi vya karatasi vikainuka hata bibi harusi mwenyewe akasahaulika. Lakini watu wa kando ya barabara ni wepesi wa kusifu na wepesi zaidi wa kuteta. Sasa walisema moyo wake umekauka: mume kafa, eda imekwisha, chozi hata moja halijaonekana. Mkasi nao uliota kutu dirishani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sadala, mumewe, alilalamikia tumbo muda mrefu. Hospitali moja mjini walimpitishia kamera kooni, wakasema hakuna kitu. Semeni akarudi nyumbani akapika pilau ya shukrani, akakata karatasi nyekundu na kijani, baraza zima likapendeza. Kumbe uvimbe ulijibanza nyuma ya kona ya tumbo, mahali ambapo kamera haikuweza kugeuka. Sadala hakuumaliza mwaka. Tangu hapo Semeni alikuwa na ganzi: alikula, aliswali, alilala, basi.

Binti yao, Sabra, aliyefanya kazi maabara Dar es Salaam, akaja na ombi. Huko maabara walikuwa wanatengeneza kamera ya kuingia tumboni, ndogo kama punje ya mchele, yenye utando mwembamba kuliko unywele, uliochanjwachanjwa kama karatasi za mama. Umeme ukipita, vilimi vya utando vinainuka na kugeuza kioo cha kamera, kamera ikaona pembeni. Wakubwa wake walitaka mfano mkubwa wa karatasi, waone kwa macho. Na kusema kweli, Sabra alitaka pia mama ashike mkasi, maana alimwogopa mama asiyelia.

Semeni alisikiliza huku akichambua mchele.

"Hiyo ingeuona uvimbe wa babako?"

Sabra angeweza kudanganya. "Ingeuona, mama. Ila bado haijakamilika."

Semeni aliweka mchele kando, akauchukua mkasi dirishani. Alifuta kutu kwa pindo la khanga, akachagua karatasi nyeupe, akaanza kuchanja. Mkono haukuwa umesahau. Alipomaliza akaivuta, vilimi vikalala tu. Akavuta tena. Akaigeuza, akatafuta alipokosea, hakupaona.

"Mama," Sabra akasema taratibu, "karatasi imelowa."

Semeni akajishika shavu, akashangaa. Kisha akaomba karatasi nyingine.