Boti Iliyotakiwa Kuvuja

Kila lori la mizigo linaponipita hapa Irving, Texas, na kuacha harufu ya dizeli, mimi nasikia harufu ya kitunguu. Msinicheke. Niliwahi kuishi miezi kadhaa ndani ya boti ambayo jiko lake lilipakana na injini, na kila tulichokula, kuanzia maharage mpaka chai, kilikuwa na ladha ya mafuta kwa mbali. Mdogo wangu Eriki, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, nadhani mpaka leo anaamini uji unapikwa kwa dizeli.

Mtauliza tulifikaje huko, sisi watu wa kambi ya wakimbizi Kigoma tulioletwa Houston kwa ndege. Mvua kubwa ya mwaka 2017 ndiyo iliyotutoa. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Gulfton, ghorofa ya chini, na maji yalipoondoka yalituachia zulia linalonuka kama mbwa aliyenyeshewa, na ukutani madoa meusi yaliyozidi kupanda. Eriki akaanza kukohoa. Sasa, kwenye ghala alikofanya kazi Baba kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, Mista Walta, aliyeishi peke yake kwenye boti iliyofungwa katika mfereji, kule karibu na ghuba. Alikuwa anakwenda kupasuliwa goti, kisha akae kwa dada yake Haltom City mpaka apone. Boti isiyokaliwa na watu inakufa, alisema. Basi tukahamia, sisi tuitunze nayo itutunze.

Nilikuwa na miaka kumi, na Kiingereza changu ndicho kilichokuwa Kiingereza cha nyumba nzima. Siku Mista Walta alipomfundisha Baba kazi, mimi nilisimama katikati nikitafsiri. Kamba zinalegezwa vipi na kukazwa vipi. Betri zinaongezwa maji gani. Choo kinapigwa pampu kwa mkono, na ole wake atakayesahau kufunga koki yake, maana kile ulichokiaga kinarudi kukusalimia. Mwisho akainua mbao za sakafu karibu na injini, akatuonyesha mahali ambapo shafti ya panga boi inatoboa boti kutokea nje. Palikuwa na nati kubwa ya shaba, na chini yake tone la maji lilining'inia, likaanguka, lingine likaanza kujikusanya.

Mwambie baba yako asiikaze, alisema. Tone hilo ndilo linaloipoza shafti. Maji yakijaa kidogo pampu itayatema yenyewe. Nikatafsiri neno kwa neno, na Baba akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake Mama akaja na Eriki mgongoni. Alisimama gatini, mguu mmoja mbele, hakupanda.

"Baba Spesi, humo ndani mna maji?"

"Hakuna," Baba akajibu. "Pakavu kabisa."

Nikamwangalia Baba. Nilidhani labda nilitafsiri vibaya. Na kama vile ilikuwa inasubiri zamu yake ya kuzungumza, pampu ikanguruma chini ya sakafu na kutema mchirizi wa maji ubavuni mwa boti, mbele ya macho ya Mama. Mama aligeuka akarudi kwenye gari, na huko ndiko alikolala.

Alilala huko siku nyingine pia, na nyingine. Alikuwa akirudi jioni kutoka hotelini alikosafisha vyumba, anaegesha gari palepale karibu na gati, halafu anarudisha kiti nyuma. Baba alipika botini na kumpelekea sahani, nasi tukala garini tumebanana, Eriki akipaka mchuzi kwenye vioo. Ungetuona ungedhani tuko safarini. Jumapili kanisani kina mama wakimuuliza habari za nyumbani, anajibu, "Nzuri tu," wala hakuonyesha kuona haya.

Mimi nilikuwa sielewi chochote. Rafiki yangu mmoja darasani alinieleza kwamba kwao mambo yalianza hivyohivyo: baba yake alilala kwenye gari, kisha akalala kwa kaka yake, kisha wakaanza kugawana watoto. Tangu siku hiyo niliogopa kweli. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilichungulia kwenye kidirisha cha duara kuhakikisha gari letu lipo. Nilijiuliza kama wakigawana, mimi nitakwenda na nani, na Eriki nani atambeba.

Baba naye alikonda. Jumamosi moja akachukua spana, akainua mbao, akaanza kuikaza ile nati.

"Baba, Mista Walta alikataza."

"Najua."

Aliikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukakaa kuitazama, na tone halikuja. Akaenda mpaka kwenye gari kwa mwendo wa mtu aliyeleta zawadi. "Mama Spesi, njoo uone mwenyewe. Hakuna hata tone moja."

Mama akashusha kioo. "Uliniambia hakuna maji. Sasa leo umezuia maji gani?"

Akapandisha kioo. Baba alibaki amesimama pale na spana yake, nami nikazidi kuchanganyikiwa. Kama ni maji anayokataa, si yameisha? Anataka nini tena?

Baada ya muda Mista Walta alikuja kuitembelea boti yake, anachechemea na fimbo. Akawasha injini ili tuipeleke kujaza mafuta. Hatukufika mbali. Moshi ulipanda kati ya mbao, pakanuka kama breki za lori lililoshuka mlima. Alizima injini haraka, tukajivuta kwa kamba mpaka gatini, akafunua sakafu. Shafti ilikuwa haishikiki kwa moto. Akauliza nani aliyekaza, na Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Hapo mzee akaongea sana. Nilitafsiri nusu tu, nusu nyingine haikuwa ya mtoto kutafsiri.

Mama alikuwa ameuona moshi akaja mbio, Eriki kiunoni. "Anasema nini?" akaniuliza.

Nikamtazama Baba. Nilijua kabisa kwamba nikifungua mdomo gari lile litaondoka na halitarudi.

"Mwambie yote," Baba akasema.

Nikamwambia. Kwamba boti hii lazima iingize maji kidogo. Kwamba imekuwa ikiingiza tangu siku ya kwanza, na Baba alikuwa anajua. Sikuweza kuwaangalia usoni.

Baba akailegeza nati mpaka tone likarudi. Kisha akamnyooshea Mama mkono. "Njoo. Maji yanaingia. Yanaingia hapa."

Mama akapanda. Alipiga magoti, akaweka kidole chini ya nati, akasubiri tone limwangukie.

"Na pampu ikifa?"

"Tunayakumba na kuyamwaga nje kwa mkono."

"Mchana kutwa?"

"Ikibidi, mchana kutwa."

Akamuuliza mambo mengi, Baba akajibu moja moja, hata yale yenye majibu mabaya. Halafu Mama akanipa Eriki, akaenda kwenye gari, akarudi na blanketi, mto na masufuria yake mawili.

Nawaambia ukweli, nilidhani watu wazima wana wazimu. Boti kavu aliikimbia, boti inayovuja akahamia. Na tangu hapo yeye ndiye aliyeinua zile mbao kila asubuhi kabla hata ya kubandika chai, akiangalia tone lake, na hakuna aliyeruhusiwa kumshikia tochi.

Mwaka jana ndipo nilipomuuliza, tukichambua sombe, yaani kisamvu, jikoni hapa Irving. Alijibu bila kuinua macho. Tulipovuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kwenda Kigoma nilikuwa kichanga mgongoni mwake. Kila alipouliza kama maji yanaingia, Baba alimwambia hakuna, lala. Akamwamini, akalala pale pale alipokaa. Alipoamka alirudisha mkono nyuma kunishika miguu, akaikuta imo ndani ya maji, na Baba bado anasema hakuna.

Miaka yote hiyo nilidhani Mama anaogopa maji. Nilikasirika kwa niaba yake, nikampigia Baba simu kazini kumuuliza kwa nini alimdanganya.

"Kopo la kukumbia maji lilikuwa moja," akasema. "Ningemwambia ili afanye nini, na mtoto mgongoni?"

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikarudi jikoni nikamweleza Mama jibu hilo, neno kwa neno, kama nilivyozoea. Aliendelea na sombe yake kwa muda.

"Angeniambia," akasema, "tungepokezana."